Muhtasari wa Kikao cha Januari

Waliohudhuria: saba, na paka wa kanisa
ambaye hana kura lakini hulalia ajenda.
Nje ni hasi thelathini na nne.
Gari la mchungaji limefungwa waya ukutani,
linanyonya umeme kama ndama, lisije likafa kabla hatujamaliza.

Swali ni lile lile: mwaka huu tufanye nini
ili watu waje?

Thelma Kvamme, miaka themanini na tisa, kapendekeza
chapati za maziwa, Jumanne ile ya kuamkia Majivu,
sharubati juu, bila kiingilio, bila mahubiri.
Imepita. Hata paka kainua kichwa.

Orville ataleta kondoo wake Krismasi, wale wale.
Nimeandika, kwa ombi la Yusufu wa mwaka jana,
ambaye mbavu zake bado zinamsimulia,
kwamba beberu wa kondoo abaki nyumbani.

Pasaka: ibada ya alfajiri, makaburini.
Hapo tulinyamaza.
Huku Aprili ardhi bado ni jiwe.
Waliokufa tangu Novemba wamo bandani,
wamepangwa, wanangoja udongo ulegee.
Tutatangaza ufufuo mbele ya watu
ambao hata kuzikwa hatujawazika.
Mchungaji Gudrun kasema: ndiyo maana.
Sijui niandike nini zaidi ya hilo. Imepita.

Halafu Mavuno.
Miaka arobaini tumepamba madhabahu Septemba,
maboga, mabua ya ngano, mtungi wa asali,
tumemshukuru Mungu kwa mavuno
mbele ya mabenchi matupu,
kwa kuwa wavunaji wako shambani wakivuna.
Ni Delphine Arcand, mgeni wetu wa miaka sita,
aliyeuliza mwaka jana, bila kejeli:
kwani ngano ina miguu ije kanisani?

Basi tulibeba supu ya njegere, masufuria manne,
mikate ya viazi ndani ya mataulo,
tukaendesha gari saa tano za usiku
kufuata taa za mashine zilizokuwa zikikata giza.
Vumbi lilitujaa kooni. Hatukuimba.
Tulisimama kando ya shamba, tukainua tochi,
mashine ikapunguza mwendo, mkono ukatoka dirishani.
Wengine walishuka, wakala wamesimama,
wakatuuliza habari za mvua kana kwamba tunazo.

Lorne Pidskalny hakushuka.
Hajakanyaga kanisani tangu mazishi ya Odette.
Alipokea bakuli kwa mikono miwili,
akafunga dirisha, akaondoka nalo,
bakuli la Thelma, lenye ua la buluu,
lililovuka bahari na bibi yake.
Thelma alisema: liache liende.
Alisema hivyo mara tatu njiani kurudi,
ndipo nikajua limemuuma.

Sasa mambo yaliyojitokeza, yaani leo.
Nilipofika kufungua mlango,
bakuli lilikuwa juu ya ngazi, limejaa theluji kidogo.
Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi;
na bakuli nalo halikurudi tupu.
Ndani, kwenye karatasi ya mafuta:
bawaba mbili mpya, skrubu kumi na mbili,
hakuna barua.

Mlango wetu hulia. Sote tumeuzoea.
Ulilia siku ile walipomtoa Odette,
ukalia tena nyuma ya Lorne, akiwa wa mwisho kutoka.
Yaelekea kuna mtu hakuuzoea.

Orville kasema anayo bisibisi garini.
Thelma kasema: usifunge leo.
Kasema tusubiri, labda mwenye skrubu
atapenda kuja kuzifunga mwenyewe.
Ubishi mrefu. Kura nne kwa tatu.
Mlango uendelee kulia hadi Kwaresima.

Bajeti ya njegere: imeongezwa maradufu.
Mengineyo: hakuna.
Tumefunga saa tatu na robo kwa sala fupi,
kwa sababu ya gari.

Verna Kolstad, katibu.